Saba na Nne

Prosser alinunua ramani mpya mwezi Machi,
akaitandaza juu ya meza ya jikoni kwake, Leominster,
kati ya kopo la siagi na miwani ya kusomea,
akaikunja upya kwa mikunjo yake mwenyewe,
maana mkunjo wa kiwandani, alisema,
hupita daima juu ya mahali unapokwenda.

Ile ya zamani akamtandikia mbwa.

Kipya kinyemi ingawa kidonda.
Mimi nilikuwa abiria tu, mfamasia wa duka la kona ya soko,
Mswahili wa Tanga niliyemzoea kwa vidonge vyake vya presha,
naye Jumapili ile akaamua kunilipa kwa mawingu.
Sesna yake ilikuwa na viti viwili na harufu ya kondoo:
miaka thelathini na minane ya kutibu mifugo
haitoki kwa sabuni.

Mto Lugg ulijipinda chini yetu kama uzi uliodondoka.
Kidole chake kilitembea juu ya karatasi
kikitaja kila kitu kabla hakijafika:
reli, kanisa, bwawa, reli tena.
Kila alichokitaja kilikuja.
Nikaanza kuamini kwamba karatasi ndiyo iliyoiumba nchi.

Kisha, upande wa Wales, mawingu yakashuka,
nasi tukashuka nayo. Futi elfu mbili. Elfu moja na mia nane.
"Mlingoti ulio mbele," alisema, "kilele chake
ni elfu moja, mia nne sabini na mbili.
Tutaupita kwa juu."
Nikatazama penye kidole. Kweli: 1472,
wino wa samawati, mwandiko safi,
haina haya hata kidogo.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema.
Mwongo huyu alitupeleka maili ishirini na sita.

Kwanza niliona waya.
Waya uliokazwa, unapanda kushoto kwetu,
unapanda, unapanda,
na pale ulipopaswa kukoma haukukoma.
Taa nyekundu ikapepesa ndani ya ukungu,
karibu mno na bawa, ningeweza kuhesabu boliti.

Prosser hakupiga kelele. Aliilaza ndege kulia
kama mtu anayempisha mgonjwa kwenye korido,
na shingo yake ikawa nyekundu, kisha nyeupe.
Hatukusema neno mpaka magurudumu yalipogusa nyasi.

Nyumbani alimwondoa mbwa.
Ramani kuukuu, manyoya na matope,
na penye alama ya mlingoti: 1742.
Saba na nne.
Mtu fulani, katika ofisi fulani,
labda chai yake ilikuwa inapoa,
labda shule ya mwanawe ilipiga simu,
aliziacha tarakimu mbili zibadilishane viti.
Penye wengi hapaharibiki neno, tulifundishwa.
Wengi waliipitia ile ramani.
Kila mmoja alimwamini aliyetangulia.

Na Idris Maddox wa banda la pili,
bahili, mvivu, arukaye na ramani ya miaka minne,
ambaye Prosser humsema kila wiki,
angeupita mlingoti ule akipiga mluzi.
Hilo lilimuuma mzee kuliko waya.

Nikajaribu kumpooza: kosa moja haliachi mke.
Akafikiri kidogo.
"Inategemea kosa," alisema.

Aliandika barua. Jibu likaja siku ya tisa:
asante, kosa litarekebishwa katika toleo lijalo.
Lijalo. Alilisoma neno hilo mara mbili,
kisha akavuta simu, akaanza kuvipigia viwanja
kimoja kimoja, akivifuata kwenye ramani ileile:
"Chukua kalamu. Saba kwanza."

Siku hizi nikibandika kibandiko juu ya chupa
nakisoma. Nakisoma tena.
Jana Bi Eluned Pask, na dawa yake ya moyo,
aliuliza kama kuna tatizo.
Nikamwambia hapana,
nikairudisha chupa kwenye mwanga.